Kibanda cha Marehemu

Jumatatu, 2 Septemba

Maji yametoka saa moja asubuhi, yamekatika saa mbili kasoro robo. Nimejaza madumu manne na nusu pipa. Nimemwagilia mchicha na ile migomba mitatu ya ukutani. Vumbi la Olasiti halina adabu, leo limeingia mpaka kwenye sukari.

Mke wangu Eliamani karudi zamu saa tisa na nusu. Kavua viatu mlangoni. Kachukua beseni, kamimina maji ya moto na chumvi, kapita jikoni moja kwa moja hadi nyuma. Kibandani. Kaketi, miguu majini, macho upande wa Meru. Dakika arobaini. Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na mawingu, hapakuwa na cha kutazama.

Nimechungulia dirisha la jikoni mara tatu. Naandika bila aibu, daftari hili halisomi mtu.

Najua anamwaza nani.

Jumatano, 4 Septemba

Muuza maziwa mpya kabisha hodi. "Baba Joshua, lita ngapi leo?" Nikamwambia mbili. Sikumsahihisha.

Joshua ni mtoto wa Eliamani na marehemu mumewe, Emanueli. Mimi sina mtoto. Nina miaka sitini na mmoja, ishirini na sita kati ya hiyo nimeimaliza nikiendesha watalii porini. Mke wangu wa kwanza aliondoka kwa sababu sikuwa nyumbani. Alikuwa na haki. Eliamani nilimkuta kwenye zahanati anakofanya kazi, nilipokwenda kupima presha. Miaka miwili sasa tangu tufunge ndoa. Nilihamia kwake na mabegi mawili na redio. Wenzangu wa Sokon I walinicheka: Japheti umeolewa. Nikacheka nao.

Kila kitu humu ndani kilinitangulia. Kabati. Sofa. Picha ya marehemu juu ya televisheni, kavaa tai, anatabasamu kama mtu aliyeshinda kitu.

Kinachoniuma zaidi ni kibanda. Nguzo sita za mti wa mgrivelia, hata randa hazijaona. Bati kuukuu. Mpasheni umetambaa juu ovyo. Kabati hakai nalo dakika arobaini kila siku. Kibanda anakaa nacho.

Mwezi wa kwanza wa ndoa nilimfuata kule. Akaniambia kwa upole, niache kidogo nipumzike. Sijamfuata tena.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimemwambia nataka kujenga kitu kizuri nyuma ya nyumba. Mahali pa kukaa. Nimetumia maisha yangu kupeleka wageni kwenye hoteli za porini, nimeona bustani za kila namna, wanakaa wao, mimi nangoja kwenye gari. Sasa nataka ya kwangu.

Akafurahi. Akasema eneo lipo, jenga upande wa migomba. Halafu akasema: "Lakini kile kibanda kiache."

Nikasema sawa.

Sikuuliza kwa nini. Ya nini kuuliza?

Upande wa migomba ni mteremko na shimo la choo lipo pale. Mahali pazuri ni pale penye kibanda tu, na pameshakaliwa.

Jumamosi, 7 Septemba

Fundi Jumanne kaja. Mtu wa Kondoa, mwembamba, anaongea huku akipima kwa hatua. Eliamani yuko kazini. Nilimwonyesha upande wa migomba, akatikisa kichwa. Akageuka, akatazama kibanda muda mrefu.

"Mzee, hapa ndipo penyewe. Pana upepo, pana mlima."

Nikamwambia najua.

Akanieleza njia tatu. Ya kwanza, sakafu wazi: unasawazisha, unamwaga kifusi, unapanga matofali ya pevingi, unaweka viti na mwavuli mkubwa. Haina nguzo, haina makelele, ila saa sita mchana hapakaliki. Ya pili, pagola: nguzo nne za mbao zilizorandwa, juu mbao zimepangwa kwa nafasi, jua linashuka kwa mistari. Inapendeza kuliko zote. Mvua hainyimwi nafasi. Ya tatu, banda kamili: jamvi la zege, nguzo, paa la bati lenye dari. Hilo ni la mwaka mzima. Ila ukikosea kimo, linakuwa kama banda la ng'ombe.

Akasema nifikirie. Alipokuwa anatoka akagonga nguzo moja ya kibanda kwa kifundo cha kidole. Akasema aliyezisimamisha hizi alijua kazi.

Hata fundi niliyemwita mimi mwenyewe anamsifu marehemu.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda Themi kuona pagola kwenye bustani ya mgahawa mmoja. Nimeagiza soda, nimekaa chini yake saa nzima. Mistari ya kivuli mezani, mistari kwenye mikono yangu. Maua ya zambarau yamejisokota kwenye nguzo. Kwa macho ya akili nimemwona Eliamani pale. Kavaa lile gauni la kijani. Anatazama huku nilipo, si kule mlimani.

Nimemuuliza mhudumu, mvua ikinyesha mnafanyaje. Akasema tunakimbia.

Alhamisi, 12 Septemba

Bado sijachagua. Nimechora zote tatu kwenye karatasi ya hesabu. Pevingi ni safi lakini ni kama maegesho. Banda la bati lina maana zaidi, huku kwetu masika si mchezo, na Julai ile baridi. Mtu mwenye akili angechukua banda.

Ila banda lina paa na nguzo. Kibanda nacho kina paa na nguzo. Watu watasema Japheti kajenga kama kile cha mwenzake, ila kikubwa.

Niandike ukweli. Sichagui kivuli. Nachagua kitu ambacho marehemu hakuwa nacho.

Pagola.

Jumamosi, 14 Septemba

Joshua kapiga simu kutoka Dodoma. Mkewe kajifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na robo. Eliamani kapiga vigelegele peke yake sebuleni mpaka jirani kaja kuuliza. Nami nimefurahi. Nimefurahi kweli.

Joshua akaomba anisalimie. "Shikamoo mzee." Marahaba, hongera sana. Kijana ana heshima, sina la kusema juu yake. Akasema nyumba yao ni vyumba viwili tu, kwa hiyo mama aje kwanza, mimi nitakaribishwa mtoto akikua kidogo.

Nikasema bila shaka.

Mama yake akamwambia, mzee anajenga huku nyuma. Akaweka sauti kubwa ili nisikie. Joshua akasema: "Mama, kibanda kisiguswe lakini. Pale ndipo nyumbani."

Wote wawili. Mtu kafa miaka tisa, bado ana walinzi wawili.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimemsindikiza Eliamani stendi alfajiri. Kanga mpya tatu za mtoto, asali ya Meru, ndizi mshare. Akanishika mkono dirishani mpaka basi likaanza kuondoka.

Nyumba kubwa sana mtu mmoja akiwemo. Si mmoja. Wawili, na yule wa pichani.

Jumatano, 18 Septemba

Kapiga jioni. Sauti imebadilika, nyepesi, kama ya msichana. Mtoto kapewa jina.

Emanueli.

Akalitamka mara nne wakati tunaongea. Emanueli kalala. Emanueli kashika kidole changu. Emanueli ana masikio yale yale. Emanueli analia kwa hasira, utacheka.

Jina langu kalitaja mara moja. Japheti, umekula?

Nimekula, nikasema. Sikuwa nimekula.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimempigia Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa mbili alikuwa hapa na wenzake wawili. Akaniuliza, mama mwenye nyumba anajua? Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi. Akanitazama. Akachukua nyundo.

Bati limeshuka kwa dakika kumi. Mpasheni wameukata shinani. Nguzo zimewasumbua, zilikuwa zimezikwa chini sana na kushindiliwa mawe. Ya mwisho waliivuta kwa kamba watu watatu, nami nikaingia nikavuta. Ilipotoka nilianguka matako chini. Wote tukacheka.

Nguzo Jumanne kazichukua. Anamjua mama mmoja Sokon I anayeuza supu, anahitaji kuni. Nikasema beba, beba zote.

Nilijisikia vizuri mpaka saa saba, mafundi walipoondoka.

Jumapili, 22 Septemba

Nguzo mbili za mbele za pagola zimesimama. Mbao nzuri, nyekundu, zimerandwa zikalainika kama kitako cha bunduki. Sikwenda kanisani. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya udongo uliotifuliwa, nimeutazama mlima, leo ulikuwa wazi mpaka kileleni.

Ibada ikaisha, majirani wakapita. Mama wa nyumba ya kona akasimama kwenye uzio. Akatazama. Nikamsalimia. Akasema salama, akaenda zake bila neno jingine. Yule mama huongea hata na mbuzi.

Eliamani anarudi keshokutwa.

Jumanne, 24 Septemba

Kafika saa kumi. Nilikuwa nimepika: ndizi na nyama, kachumbari. Nilitaka ale kwanza. Hakukaa. Alikuwa ananieleza juu ya mtoto huku anafungua mlango wa nyuma, akaishia katikati ya neno.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama kwenye kizingiti, mkoba bado begani. Halafu akauliza: "Nguzo ziko wapi?"

Nikamwambia nimempa fundi.

"Fundi kazipeleka wapi?"

Kwa mama mmoja, nikasema. Kuni.

Akakaa kwenye ngazi ya jikoni taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Nikaanza kueleza. Nilikuwa nimejiandaa siku tano. Nikamwambia sasa tuna maisha yetu, siwezi kuishi kwenye nyumba ya mtu mwingine na kibanda cha mtu mwingine, Emanueli kapumzika na sisi tupumzike.

Akageuza kichwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinielewa.

"Emanueli? Kibanda cha Emanueli?"

Naandika alivyosema, nisije nikajipunguzia baadaye.

Emanueli hakujenga kile kibanda. Hakukiona. Alipokufa, ndugu zake walikuja wiki ya tatu na mtu wa kununua nyumba. Walimpitisha vyumbani, Eliamani akiwa bado na nguo nyeusi, amekaa kitandani, wakamwomba asimame mgeni aone ukubwa wa chumba. Alikwenda baraza la kata, akaenda mahakamani, karibu mwaka mzima. Alishinda. Wiki ile ile baba yake akateremka kutoka shambani kwake Meru, mzee wa miaka sabini na kitu, na nguzo sita kwenye pikapu ya jirani. Kazikata mwenyewe kwenye migrivelia aliyopanda akiwa kijana, ya kuzuia upepo kwenye kahawa. Kachimba mashimo mwenyewe. Akamwambia binti yake: nyumba uliipata kwa mume, na umeona walivyotaka kukutoa. Hiki ni chako, hapa hakuna atakayekuambia simama.

Mzee alifariki mwaka uliofuata.

Nikasema, hukuniambia.

"Nilikuambia kiache, Japheti. Hilo halikutosha?"

Chakula kimepoa. Kalala chumba cha Joshua.

Jumatano, 25 Septemba

Miaka miwili nimemwonea wivu mtu ambaye hakuwahi kukanyaga pale.

Alhamisi, 26 Septemba

Asubuhi na mapema nimemfuata Jumanne, akanielekeza. Mama wa supu ana kibanda chake nyuma ya gereji, Sokon I, sufuria kubwa mbili na benchi. Nguzo nne zimeshapasuliwa. Niliona vipande motoni, gome bado limeshika. Supu inachemka juu yake na wanaume wanakunywa.

Mbili zilikuwa bado, zimeegemezwa ukutani.

Nikamwambia nazihitaji. Akasema ameshanunua, na ngumu hizi hazishiki moto upesi, ila zikishika zinakaa. Nikamweleza kwa nini. Nilimweleza yote, mbele ya wateja, sijui nilipata wapi mdomo. Mwanamume mmoja akaacha kunywa. Mama akapangusa mikono kwenye aproni. Akasema: "Baba, hizo zichukue. Mwenyewe nisingekusamehe, lakini zichukue."

Nimezileta kwa guta la magurudumu matatu, nimetembea nyuma yake njia nzima nikizishika zisianguke. Eliamani kazitazama. Kaweka kiganja kwenye moja. Kaingia ndani.

Jumamosi, 28 Septemba

Jumanne kaja kuuliza tunaendelea au hatuendelei. Nimemwambia asimame kwanza. Akasema mzee, nilikuuliza. Nikasema uliniuliza.

Jumatatu, 30 Septemba

Eliamani karudi zamu saa tisa na nusu. Kapasha maji. Kabeba beseni hadi mlango wa nyuma, kasimama. Kisha kakaa pale pale kwenye ngazi ya jikoni, magoti yamegusana, kwa kuwa ngazi ni nyembamba. Jua lilikuwa linampiga usoni. Alifumba macho.

Nilikuwa sebuleni. Sikuchungulia.

Anaongea nami kuhusu chumvi, umeme, dawa yangu ya presha imeisha au bado. Adabu yake inanimaliza.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimepanda Meru peke yangu kwa kaka yake, Elirehema. Ndiye mwenye shamba sasa. Sikumwambia Eliamani. Nilitaka kurudi na nguzo nne za mgrivelia wa baba yao, nizisimamishe zote sita, iwe kama haijatokea.

Elirehema alikuwa anapogoa kahawa. Hakuacha kazi. Alijua tayari. Nikasimama katikati ya mistari ya migomba nikingoja, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. Baadaye akanikaribisha chai, mkewe akaleta magimbi. Tulisali, tukala.

Akaniambia ya kwamba wakati wa kesi dada yake alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi, anavuna kahawa siku nzima bila kusema neno, jioni anateremka. Baba yao alikuwa anamtazama kwa mbali. Hakujua la kumsaidia. Siku aliposhinda, mzee akaomba shoka.

Nikaomba nguzo. Akanipeleka mpakani. Mgrivelia wa mzee umebaki mmoja. Mnene, nilijaribu kuukumbatia mikono haikukutana. Akasema: "Shemeji, huu siukati mpaka aseme mwenyewe." Akampigia pale pale. Nikasikia sauti yake ikitoka kwenye simu ndogo, wazi kabisa.

"Usikate. Mwambie arudi nyumbani."

Nimeteremka na mkungu wa ndizi begani. Sikuwa na kingine.

Jumapili, 6 Oktoba

Tumekwenda kanisani pamoja. Hatukukaa benchi moja, yeye yuko kwaya. Wakati wa kurudi akasema, bila kunitazama, kwamba hataki nguzo nyingine zijifanye ni zile. Nikasema nimeelewa. Akasema sidhani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele. Nilisema haraka, ili nisirudi nyuma. Kwamba namwonea wivu Emanueli. Picha yake, kabati lake, mtoto wake, sasa na mjukuu. Kwamba kila alipokaa kibandani niliamini anakaa naye. Kwamba mtoto alipopewa jina lile, asubuhi yake nikaita nyundo. Nilisema mimi ni mtu mzima wa miaka sitini na mmoja na nimeshindana na picha.

Akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akaliweka pembeni. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Emanueli alikuwa hakai nje! Mbu mmoja akilia, mtu anahamia ndani na kufunga madirisha. Miaka ishirini na mbili sijawahi kunywa naye chai chini ya mbingu."

Nikauliza, basi ulikuwa unawaza nini, dakika zote zile?

Akafikiri. Akasema: "Miguu. Nilikuwa nasikiliza miguu inavyoacha kuuma."

Nikacheka pia. Hapo akaacha kucheka.

"Lakini nilimpenda," akasema. "Usitake niseme sikumpenda ili ulale vizuri. Na wewe nilikuchagua nikiwa na akili zangu, hakuna aliyenioza. Hayo mawili yanakaa pamoja. Yasipokaa kwako, mimi sina la kukusaidia."

Akarudi kwenye mchele. Mimi nikaenda kumwagilia. Nikamwagilia mpaka njia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimepangusa ile picha juu ya televisheni. Ilikuwa na vumbi. Bado simpendi. Lakini nimeipangusa na nyuma pia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza. Imekuja mchana ghafla, kubwa, udongo ukanuka. Tulikimbilia nguo kwenye kamba. Nikasimama mlangoni nikatazama zile nguzo mbili za pagola zinavyolowa, na zile mbili za mgrivelia zimelala kando yake. Pale katikati dimbwi.

Eliamani kasimama nyuma yangu na nguo mikononi. Tukatazama pamoja muda. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mimi nataka paa."

Nikasema eeh.

"Paa la kweli. Sitaki bustani zako za porini za kunyeshewa. Na sakafu iwe ngumu, nisikanyage tope nikitoka kazini."

Nikasema banda, basi. Jamvi na bati.

"Upande huu," akaonyesha. "Huku mbele yabaki hayo mambo yako ya mistari. Si mabaya."

Jumanne, 22 Oktoba

Jumanne kaja siku ya Jumanne, Eliamani kamtania kwa hilo. Wamezunguka wote wawili, mimi nyuma yao. Yeye ndiye aliyekuwa anaagiza. Nusu ya nyuma banda: jamvi la zege, bati, dari ya mbao ili mvua isituzibe masikio. Nusu ya mbele pagola. Fundi akalalamika kwamba kiungo cha hapo kati kitavuja, hajawahi kujenga kitu cha namna hiyo, si banda si pagola. Eliamani akamwambia basi utajifunza.

Nguzo mbili za baba yake zisimame kati, pale nusu hizi mbili zinapokutana. Zisirandwe.

Leo karudi kulala chumbani kwetu. Kaleta mto wake tu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Jamvi limemwagwa. Jumanne anasema tulimwagilie maji siku tano lisipasuke. Namwagilia mimi, asubuhi na jioni.

Joshua kapiga. Anajua yote, mama yake hafichi. Hakufurahi. Akasema hivyo hivyo: "Mzee, sikufurahi." Nikamwambia ana haki. Tukaongea juu ya mtoto. Anacheka sasa. Nikauliza Emanueli analala vizuri? Ndiyo mara ya kwanza nimelisema jina lile kwa sauti nikiwa simaanishi marehemu. Lilipita kooni. Lilikwaruza kidogo, likapita.

Jumapili, 3 Novemba

Mchana wa utulivu. Jamvi limekauka. Paa bado, Jumanne anakuja na bati Jumatano. Mbingu nyeupe, jakaranda za jirani zimedondosha maua mpaka kwetu.

Baada ya kanisa Eliamani kabadilisha nguo, katoka nje na kipande cha chaki. Anazunguka juu ya zege bila viatu. Anachora. Hapa meza. Hapa jiko la mkaa, moshi uende kule. Hapa mimi. Akachora duara dogo, akasimama ndani yake, akajaribu kugeuka huku na huku, akafuta kwa mguu, akachora tena hatua mbili pembeni.

Nilikuwa nimeegemea ukuta. Sikutaka kuingilia.

Akaniita. "Na wewe utakaa upande gani?"

Nikasema wowote.

"Wowote si upande, Japheti."

Nikavua viatu, nikapanda juu. Zege lilikuwa na joto. Nilizunguka muda, niliona haya, kama niko dukani na kila kitu ni ghali. Mwishowe nikasimama karibu na duara lake, si karibu sana. Nikauliza hapa panafaa?

Akachutama, akachora kunizunguka miguu yote miwili. Kisha akaenda kupasha chakula.

Nimebaki pale mpaka akaniita tena.